Maji Maangavu Si Kipimo cha Mto

Mto wa Sabaki huingia katika Bahari ya Hindi kilomita chache kaskazini ya mji wa Malindi, upande wa kwenda Mambrui. Maji yake huwa na rangi ya udongo sehemu kubwa ya mwaka, na msimu wa kaskazi rangi hiyo huenea baharini mpaka mbele ya mtaa wa Shella, ambako mji wa kale unaitazama ghuba. Kwenye ufuo huo umejengeka mtazamo mmoja kuhusu mito, nao unakubalika kwa wenyeji na wageni, kwa wenye hoteli na kwa vijana wanaopanga safari za mwisho wa wiki. Unasema kwamba mto mzuri, unaostahili safari, hema na picha, ni ule ambao maji yake yanaonyesha mawe ya chini. Sabaki, kwa kukosa sifa hiyo, huhesabiwa kuwa mto ulioharibika ambao umewaharibia na wengine bahari yao.

Mtazamo huo una wafuasi wengi kwa sababu una msingi. Tope huziba vichujio na kupunguza nguvu ya klorini. Tope jingi hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Mwenye hoteli ambaye mgeni wake amesafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya bahari ya buluu, akakuta ya kahawia, amepata hasara ya kweli. Naye mtu aliyechoka na vumbi la mji akienda kulala kando ya kijito kinachong'aa, hakuna wa kumlaumu. Kosa linaanza pale sifa moja ya maji inapofanywa hukumu ya mto mzima.

Ukichambuliwa, mtazamo huu una madai sita. Makala hii inayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: maji maangavu ni maji salama

Jicho hupima kitu kimoja tu ndani ya maji, nacho ni chembe zinazotosha kuuzuia mwanga. Udongo wa mfinyanzi una chembe za namna hiyo. Vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu havionekani hivyo. Lita moja ya maji inaweza kubeba mamilioni ya bakteria na bado ikaonyesha kokoto za chini. Anayekunywa maji ya mto kwa sababu yanang'aa ameuliza swali la udongo, akajipa jibu la ugonjwa.

Kichocho ni mfano ulio karibu. Pwani ya Kenya ni eneo la kichocho cha mkojo tangu zamani. Mgonjwa akikojoa majini mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka katika umbo jipya lenye uwezo wa kupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache. Hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, karibu na adhuhuri, saa ileile ambayo waliopiga kambi huvua nguo waingie kuogelea. Konokono hao hupenda maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, yenye majani yanayostawi kwa mwanga. Kwa maneno mengine, kidimbwi kitulivu kinachoonyesha majani yake ya chini, ambacho mpiga picha angekichagua, ndicho kinachomfaa konokono.

Watu wa pwani wanazijua njia za kuyatuliza maji ya tope. Shabu ikikorogwa ndani ya ndoo, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, chembe za udongo hushikana na kuzama, na baada ya saa chache maji ya juu huwa maangavu. Vijidudu vingi huzama pamoja na tope, lakini si vyote, na kwa hiyo maji yaliyotulizwa bado yanahitaji kuchemshwa. Mama wa nyumbani anayefanya hivyo anajua tofauti ambayo mpiga kambi huisahau: kutuliza maji ni hatua moja, kuyafanya salama ni hatua nyingine.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye mto wenyewe. Sabaki ni jina la mwisho la mto unaoanza kwa jina la Athi kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaungana na mto wa Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukashuka hadi pwani. Urefu wake ni kama kilomita 390, na bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zinazokaribia 70,000. Mvua zikinyesha, mto huo huwa mzito kwa udongo. Kiangazi kikifika udongo hutua, na sura ya maji huanza kupendeza. Lakini wakati huohuo maji ya mvua na ya vijito hupungua, huku maji taka ya Nairobi yakiendelea kumwagika kila siku, hata yakawa sehemu kubwa zaidi ya mtiririko wa juu. Wanasayansi waliopima mto huo wamekuta nitrojeni inayotokana na taka za mji ikiwa juu zaidi sehemu za juu za mto wakati wa kiangazi. Mto unaopendeza kwa macho mwezi wa Februari unaweza kuwa mchafu kuliko mto wa tope wa mwezi wa Mei.

Hata pale uangavu unapotokana na usafi wa kweli, bado si ahadi ya usalama. Chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, zina maji maangavu kuliko karibu yote yanayoingia katika mto huu. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huzama ndani ya majivu na miamba ya volkano, huchujwa kwa miaka mingi chini ya ardhi, kisha hutoka Mzima kwa zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Ndani ya maji hayo wanaishi mamba na viboko, na kinyesi cha viboko ndicho chakula cha samaki wanaofurahisha watazamaji kupitia vioo vya chumba kilichojengwa chini ya maji. Mzima ni mahali pa kutazama, wala hakuna mwongozaji anayejali maisha ya wageni atakayewaruhusu kuogelea.

Uangavu pia hudanganya kuhusu kina. Mwanga hupinda unapotoka majini, hivyo maji ya mita 2 yakitazamwa kutoka juu huonekana kama ya mita 1 na nusu. Mtoto anayeona mawe ya chini hudhani yuko karibu nayo. Kwenye maji ya tope mtu huingia kwa hofu akitanguliza fimbo. Kwenye maji maangavu hurukia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Dai la pili: mto wa tope ni mto uliokufa

Dai hili linakanushwa na bomba la maji la nyumbani. Huko Baricho, ndani ya kaunti ya Kilifi, maji huvutwa kutoka kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa bonde la Sabaki. Mchanga huo umeletwa na mto wenyewe, na ndio unaoyachuja maji kabla hayajafika kwenye pampu. Kutoka hapo husukumwa kwenda Malindi, Kilifi na Mombasa. Mkazi wa Shella anayeuita mto huo uchafu anapika, anatawadha na kufulia kwa maji yake. Hakuna mto wa maji maangavu karibu na Malindi ambao ungeweza kuchukua nafasi hiyo.

Sahani ya chakula inatoa ushahidi wa pili. Ghuba ya Malindi na Ungwana ndiyo eneo kuu la uvuvi wa kamba nchini Kenya. Kamba hawakusanyiki hapo kwa bahati. Mito miwili mikubwa, Tana na Sabaki, humwaga virutubisho na tope ambalo hutandazwa chini ya bahari, na kamba hupata humo chakula na maficho, huku wachanga wakikulia kwenye vijito vya mikoko na milango ya mito. Uvuvi huo una thamani kubwa kiasi cha kuzua migogoro. Mwaka 2006 meli za kukokota nyavu zilipigwa marufuku ghubani baada ya mvutano wa muda mrefu na wavuvi wadogo, na mpango rasmi wa kusimamia uvuvi wa kamba ukatolewa mwaka 2010. Mgeni anayelalamikia rangi ya bahari mchana na kuagiza kamba usiku amekikataa na kukila kitu kilekile.

Ushahidi wa tatu uko kwenye mdomo wa mto. Maji yakipwa, tope na mchanga wa Sabaki hubaki wazi, na maelfu ya ndege hushuka kutafuta chakula. Wamo ndege wahamaji kutoka nchi za kaskazini, wamo heroe, na wamo wale wanaozaliana kisiwani Madagaska na kuja pwani ya Afrika Mashariki katika miezi ya kusi, ambao Sabaki ni mojawapo ya vituo vyao vikuu. Eneo hilo linatambuliwa kimataifa kuwa muhimu kwa ndege. Viboko wako hapo pia. Wakulima wa kandokando hupanda kwenye ardhi ambayo mafuriko yameipa udongo mpya. Uhai wa aina hii haupatikani kwenye kijito kinachong'aa, kwa sababu maji huwa maangavu mara nyingi kwa kuwa yana chakula kidogo ndani yake.

Haifai hata hivyo kukana kwamba sehemu ya tope la Sabaki ni jeraha. Ushahidi wake umehifadhiwa ndani ya tumbawe. Kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, watafiti walitoboa tumbawe lililokuwa limekua kwa takriban miaka 300 na kupima kiasi cha bariamu katika kila tabaka, kwa kuwa madini hayo hufika baharini pamoja na udongo wa mto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa mdogo kwa karne mbili, ukaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati walowezi wa Kiingereza walipofungua mashamba bara na wenyeji kubanwa kwenye maeneo finyu, kisha ukazidi tangu miaka ya 1940. Rangi ya leo basi ina historia, na ina wahusika. Kuutukana mto ni kuwaachia waliosababisha. Lawama zote hupelekwa ufuoni Malindi, huku shamba lililopoteza udongo, umbali wa kilomita mia kadhaa, likiwa halitajwi.

Hata mwendo wa tope baharini hausemi kile ambacho watu hudhani. Kusi hulisukuma kuelekea kaskazini, upande wa Mambrui na Ungwana. Kaskazi hulirudisha kusini, upande wa mji. Mafuriko ya vuli yakikutana na mwanzo wa kaskazi, Shella huona maji ya kahawia wakati uleule wa msimu mkubwa wa watalii. Upepo na kalenda ya likizo vimekutana, na mto umepewa hatia ya vyote viwili.

Dai la tatu: anayepiga kambi haachi madhara

Inadaiwa kwamba hema hukunjwa, majivu hufukiwa, taka hubebwa, na mto hubaki kama ulivyokutwa. Dai hili lina nguvu zaidi pale panapodhaniwa kuwa pazuri zaidi, yaani kwenye kijito cha maji maangavu, na hapo ndipo linapokosea zaidi.

Mto wenye virutubisho vichache huhisi nyongeza ndogo. Sabuni ya sufuria, mabaki ya wali, mkojo na kinyesi cha kundi la watu 20 kwa siku tatu ni kitu kidogo kwa mto uliofurika, lakini ni chakula kingi kwa kijito cha kiangazi. Mwani huota juu ya mawe, mawe huteleza, wadudu wa majini waliotegemea mawe safi hupungua, na samaki waliowala hupungua pia. Sabuni inayoandikwa kwamba huoza yenyewe huhitaji udongo na vijidudu vyake ili ioze. Ikimwagwa mtoni, hufanya kazi ya sabuni nyingine yoyote. Kwa hiyo kanuni inayofundishwa na waongozaji makini ni kuogea, kuoshea vyombo na kuchimba choo umbali wa mita 60 hivi kutoka majini, na shimo la choo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20. Kambi nyingi hukaa mita chache tu kutoka ukingoni, kwa sababu mandhari ndiyo iliyofuatwa.

Kuna pia gharama ya kuni. Kando ya mdomo wa mto, mti ulio karibu mara nyingi ni mkoko, na mizizi ya mikoko ndiyo inayoshika tope lisisogee. Mtu anayelichukia tope na kukata mkoko kwa ajili ya moto wa jioni amelifungulia njia tope hilo.

Gharama kubwa kuliko zote hutokana na picha. Kambi moja haisababishi mengi. Picha ya kambi hiyo ikisambaa, mahali palipokuwa na mahema mawili kwa mwezi hupokea mahema 40 kwa wiki moja ya Pasaka. Nyasi za ukingo hukanyagwa, udongo hubaki wazi, na mvua ya kwanza huuteremsha mtoni. Uangavu ulioleta watu huanza kuondoka kwa sababu yao, kisha watu hutafuta kijito kingine. Wanaobaki kulipa ni wanaochota maji upande wa chini, ambao hawakuwa na sehemu katika safari wala katika mapato yake.

Pwani ina desturi ya kambi iliyo tofauti. Wavuvi wa pwani hii wamekuwa wakienda dago kwa vizazi vingi, wakilala ufuoni mbali na kwao kwa wiki au miezi wakifuata samaki. Katika sehemu za pwani ya Kenya, mgeni wa dago alitarajiwa kujitambulisha kwa wazee wa mahali, kuomba ruhusa na kutoa ubani kabla hajatia nyavu majini. Desturi hiyo haikuzuia kila ugomvi, wala haikuzuia kila uharibifu. Lakini ilikuwa na wazo moja ambalo kambi ya starehe imelikosa: mgeni huanza kwa kuuliza mahali hapo ni pa nani, na panahitaji nini.

Dai la nne: ukingo wa mto hauna mwenyewe

Sheria ya Kenya haikubaliani na dai hili. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kanuni za rasilimali za maji zinatambua ukanda wa ukingo usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, ambao matumizi yake yamewekewa mipaka. Ndani ya hifadhi za Tsavo, kupiga kambi kunahitaji idhini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, na hufanyika mahali palipotengwa. Kitu cha umma si kitu kisicho na mwenyewe. Ni kitu ambacho kila mtu ana wajibu nacho.

Historia ya Sabaki inalipinga dai hili kwa uchungu zaidi. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwaamuru Wagiriama waihame ng'ambo ya kaskazini ya mto, ardhi yenye rutuba waliyoitegemea kwa nafaka. Upinzani uliokuwa umechochewa na Mekatilili wa Menza tangu mwaka 1913 ulijibiwa kwa bunduki na kwa kuchomwa nyumba, na watu walifukuzwa kutoka kwenye mashamba yao. Ukingo ulioitwa mtupu ulikuwa umetolewa watu kwa nguvu. Anayesimamisha hema leo na kusifu upweke wa mahali hapo anapaswa kujua kwamba upweke wa kingo nyingi za mito ya Afrika Mashariki ulitengenezwa, iwe kwa amri ya mkoloni au kwa mipaka ya hifadhi.

Hata leo ukingo una ratiba yake. Wanawake huteka maji asubuhi na jioni. Wafugaji huleta ng'ombe. Mkulima wa bondeni hupanda maji yanapopungua. Kambi iliyofunga njia ya kwenda majini kwa siku tatu tu imewaongezea watu hao mwendo, na mara nyingi walio kambini hawajui.

Dai la tano: maji matulivu na anga safi ni ishara ya usalama

Mto hauletewi mafuriko na wingu lililo juu ya hema. Huletewa na mvua iliyonyesha sehemu za juu za bonde, pengine jana au juzi. Mto wa Sabaki unaweza kupanda Malindi wakati wa jua kali kwa sababu ya mvua ya Machakos au Nairobi. Mito mifupi ya milimani ni hatari zaidi, kwa kuwa mafuriko yake huchukua dakika chache kufika.

Kenya imelipa kwa maisha ili kujifunza jambo hili. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa kwenye korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, baada ya maji kuwafikia ghafla. Mwezi Septemba 2019 watu wengine saba walikufa kwenye korongo lilelile, kwa namna ileile. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto wa Talek ulivunja kingo zake huko Maasai Mara, kambi zaidi ya kumi zikafunikwa na maji, na wageni wakaokolewa kwa helikopta na mashua. Kambi nyingi za Talek zilikuwa zimejengwa pale mgeni anapotaka kuamkia, yaani ukingoni kabisa. Sheria ya ukanda wa mto ina maana yake siku kama hizo.

Kuhukumu mto kwa rangi kunaleta hatari moja zaidi. Kwa anayejua mito, maji yaliyokuwa maangavu yakianza kugeuka, vijiti na majani yakaanza kupita, na mvumo ukabadilika, hilo ndilo onyo la kwanza, na hema linapaswa kuhamishwa papo hapo. Kwa aliyefundishwa kwamba tope ni uchafu tu, mabadiliko hayo ni kuharibika kwa mandhari, na hungoja maji yatulie tena.

Usiku una sheria yake pia. Kiboko hutoka majini giza likiingia, hufuata njia zake za kila siku kwenda malishoni, na hurudi kabla ya alfajiri. Sehemu tambarare ya ukingo isiyo na majani marefu, inayoonekana kama imeandaliwa kwa hema, mara nyingi ni njia hiyo.

Dai la sita: dawa ni kuufanya Sabaki uangaze

Watu wanaokubali yote yaliyotangulia bado hubaki na pendekezo moja: tope likomeshwe kwa bwawa. Bwawa la Thwake, kwenye bonde la Athi katika kaunti za Makueni na Kitui, hutajwa kwa matumaini hayo, ingawa madhumuni yake ni maji ya nyumbani, kilimo na umeme.

Ni kweli kwamba bwawa huzuia tope. Hulizuia kwa kulihifadhi ndani yake, na kila tani inayotua chini ya bwawa inachukua nafasi ya maji. Upande wa pwani, mchanga hukoma pamoja na tope, kwa sababu bwawa halichagui. Misri iliona matokeo. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, maji ya Nile chini yake yakawa maangavu, na ufuo wa delta karibu na Rosetta ukazidi kuliwa na bahari kwa kukosa udongo wa kuujaza. Uvuvi wa dagaa mbele ya delta, uliotegemea virutubisho vya mafuriko, uliporomoka ndani ya miaka michache tangu mafuriko yalipoanza kuzuiwa. Malindi, yenye ufuo uliojengwa kwa mchanga wa Sabaki na ghuba ya kamba inayolishwa na mto huohuo, ina kila sababu ya kuisoma habari hiyo kabla ya kuomba mto usio na rangi.

Dawa ya jeraha inajulikana, na imejaribiwa ndani ya bonde hilihili. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilihesabiwa na watawala kuwa nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko. Kati ya mwaka 1932 na 1990 idadi ya watu wake iliongezeka takriban mara sita, na mmomonyoko mashambani ukapungua. Wakulima walichimba matuta ya fanya juu, wakapanda miti na nyasi za kushika kingo, wakahifadhi maji ya mvua shambani, na kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya kazi ya pamoja vinavyoitwa mwethya, hasa vya wanawake. Udongo ulibaki pale ulipokuwa na faida. Njia hiyo haina mvuto wa bwawa, na haiwezi kuzinduliwa kwa siku moja. Lakini hupunguza tope linalotokana na uharibifu bila kuunyima ufuo mchanga wake wa asili.

Kipimo kinachofaa

Mto unapaswa kupimwa kwa maswali ambayo jicho peke yake haliwezi kuyajibu. Udongo wake unatoka wapi, na kwa kiasi gani zaidi ya zamani? Taka za nani zimo ndani yake wakati wa kiangazi? Ni nani wanaokunywa, kulima na kuvua kwa maji yake? Mvua ya nani ikinyesha, maji yatafika hapa, na baada ya muda gani? Anayepanga safari ya kupiga kambi ana wajibu wa kuyauliza kabla ya kuuliza kama mahali pana mandhari, kwa kuwa majibu yake ndiyo yanayoamua hema likae wapi, maji yachemshwe vipi, na watu gani waombwe ruhusa.

Kwa kipimo hicho Sabaki si mto uliokufa. Ni mto mgonjwa kwa sehemu, unaobeba makosa ya miji na mashamba ya juu, na bado unainywesha pwani ya Kenya kuanzia Malindi hadi Mombasa, unalisha ghuba yake na kujenga ufuo wake. Wanaoupenda uangavu wana jambo la kudai: maji taka ya Nairobi yasafishwe kabla ya kuingia Athi, matuta yachimbwe na kutunzwa Ukambani, na ukanda wa kingo uheshimiwe na hoteli na kambi sawasawa. Madai hayo yanapaswa kupelekwa kwa serikali za kaunti zinazogawana bonde hili, kuanzia Nairobi hadi Kilifi, na kwa mamlaka ya maji ya taifa.